Mapipa Yaliyopinduliwa

Nilikuwa nimeshika kufuli la bomba kwa mikono miwili, nalivuta kama mwendawazimu, na nyuma yangu mama yangu mzazi anaungua ndani. Maji yalikuwemo. Nilikuwa nayasikia kwenye koki, yanadondoka kwenye zege, to, to. Ukutani mapipa ya nyumba nzima yamepangwa mstari, yamepinduliwa, na kila kitako cha pipa kimeandikwa kwa rangi nyeupe: TUMIA KIDOGO. Nikalipiga moja teke. Likalia kama ngoma.

Mlio huo ninao mpaka leo.

Sikusoma sana, lakini nitaeleza ilivyokuwa. Pale Tandale maji yalikuwa yanakuja kwa zamu, na yakija tuna tabia yetu: tunamwaga yaliyolala, tunajaza mapya. Ni uharibifu, sibishi. Kwa hiyo kampeni ya kubana maji ilipoanza mtaani, tuliipokea. Kina mama wa kamati walipita nyumba kwa nyumba na vitenge vyao vya sare, wakatufundisha kuoshea vyombo kwenye beseni, maji ya kufulia yakapige deki chooni. Nilifuata yote.

Kisha mwenyekiti wa mtaa akatia mnyororo na kufuli kwenye bomba letu la uani. Ufunguo anakaa nao yeye, anafungua asubuhi na jioni. Aliposikia mgeni rasmi anakuja kuhutubia juu ya kampeni, akatoa amri nyingine: kila nyumba ipindue mapipa nje na kuyaandika, mgeni aone hakuna anayejilimbikizia maji.

Mama alikuwa wa kulala tu tangu avunjike nyonga. Pipa lake lilikaa mlangoni, anapoliona.

"Shikamoo bibi," kina mama wa kamati wakamwamkia asubuhi ya siku ya mgeni.

"Marahaba. Mnataka nini na pipa langu?"

"Tunalipindua tu bibi, iwe nyumba ya mfano."

"Mie nimezaliwa Newala. Maji tulikuwa tunayafuata bondeni huko, tunapanda nayo mlima kichwani. Nyie mliokulia bombani ndo mnifundishe kubana maji?"

Wakacheka. "Bibi ana mdomo huyu! Tukupeleke ukahutubie?"

"Nipelekeni. Ila pipa langu liacheni. Nyumba haikai bila maji."

Wakasita. Mwenyekiti akaingia, shati jeupe limechomekewa. "Bibi usituangushe. Jioni nikifungua bomba, la kwanza kujazwa ni lako." Akaliinamisha pipa mwenyewe. Maji yakapita uani yote, yakaingia mtaroni. Mama akacheka peke yake kitandani.

"Kampeni ya kubana maji hiyo," akasema.

Mchana mtaa mzima ukahamia uwanja wa shule, chini ya turubai. Nyumbani tukabaki mimi, mama, na jirani yangu wa chumba cha pili, muuza maandazi. Nilikuwa uani nachambua mchicha, muziki unasikika mpaka kwetu, nikaona moshi unatoka chumba cha kona, kinachopakana na cha mama. Shoti ya umeme. Mwenye chumba alikuwa uwanjani anapiga makofi.

Jirani akakimbilia ufunguo. Mimi nikaingia kwa mama, nikamburuta mpaka katikati ya chumba, dari likaanza kudondoka. Moshi ukanitoa nje kuvuta pumzi, nikaingia tena. Mara ya tatu moto ukanikatalia. Ndipo nikalivamia kufuli. Mama alikuwa anaita, "Maji, mwanangu, maji."

Jirani akarudi mikono mitupu. Alikuwa amemfikia mwenyekiti kwenye meza ya wakubwa, akamnong'oneza. Akajibiwa, "Subiri kidogo, mgeni yuko kwenye hotuba."

Wanaume walipokuja kulivunja kufuli kwa mawe, paa lilikuwa limeshalala. Gari la zimamoto lilikwama kule kwenye lami, uchochoro wetu haulipitishi. Mimi nikalazwa Mwananyamala na mikono hii ninayoandikia. Mama nilizikiwa na watu.

Kwenye msiba mwenyekiti alisema ufunguo ulikuwa kwa fundi bomba. Fundi bomba anasema hajawahi kuushika. Kina mama wa kamati tukikutana sokoni wanainamia nyanya, kana kwamba hawajawahi kuziona. Mnyororo ulitolewa kimyakimya.

Sasa pipa langu linakaa kando ya kitanda, limejaa hadi mdomoni. Jirani akigonga pipa tupu, naukimbilia mlango. Koki ikidondosha, namsikia mama anaita, nainuka, nachota kopo, nasimama nalo katikati ya chumba. Sina wa kumpa.

Mwenyekiti, bado unaitisha mikutano. Itisha mmoja. Simama mbele ya watu wale wale waliokaa chini ya turubai, jirani yangu awepo, useme: ufunguo ulikuwa mfukoni mwako au haukuwa? Na kama ulikuwemo, tueleze hotuba ile ilisema kitu gani kilichomzidi mama yangu.