Mzigo wa Bernard

Kanisani kwetu Etobicoke, hapa Toronto, wananisifu kwamba Gakii ana moyo wa kujali. Laiti wangejua. Ni kweli nimetunza wazee kwa miaka tisa, na hakuna hata mmoja niliyewahi kumwacha kwenye shuka lililolowa. Lakini kuna jambo nililofanya mwaka 2011 ambalo nikilikumbuka ndani ya basi, nageuza uso dirishani watu wasinione.

Nilikuwa naenda kutalii Napoli, kule Italia, na wenzangu wawili wa kazini. Sisi Wakenya ukisema tu unasafiri, lazima utapewa mzigo wa mtu. Mama Bernard, jirani yangu wa ghorofa ya juu, akaniletea furushi: sweta aliyoifuma mwenyewe na pakiti mbili za majani ya chai. Mwanawe alikuwa kibarua wa bandarini huko Napoli, na simu yake ilikuwa haipatikani kwa miezi kumi.

"Mwone tu kwa macho, mwanangu," akaniambia. "Uniambie kama ni mzima."

"Usiwe na wasiwasi, Mama. Nitampa mkononi."

Tulikaa siku nne. Niliona ngome iliyojengwa baharini, makanisa yenye dhahabu hadi darini, na vichochoro ambavyo nguo zimeanikwa juu ya vichwa vya wapita njia. Nilipiga picha hadi kamera ikajaa. Anwani ya Bernard ilikuwa nyuma ya soko la samaki, mwendo wa dakika ishirini tu kutoka hotelini. Siku ya kwanza nikasema nimechoka. Ya pili tulipanda boti kwenda kisiwani. Ya tatu nilinunua viatu, jozi tatu. Ya nne sanduku likakataa kufungika, nikatoa lile furushi nikaliacha kabatini. Viatu sikuvigusa. Mshenzi mkubwa mimi.

Niliporudi Toronto, nilimkuta Mama Bernard ananingoja nje ya lifti.

"Ulimwona?"

"Nilimwona, Mama. Sweta imemkaa vizuri."

"Amekonda?"

"Wapi! Amenenepa."

Akaketi pale pale sakafuni, analia huku ananibariki. Ningeweza kumwambia ukweli wakati ule, tukiwa wawili tu. Nikasema nawahi zamu, na siku hiyo sikuwa na zamu yoyote.

Ijumaa tulikuwa na kikundi cha maombi. Huwa tunaandika ubaoni majina ya watu tunaowaombea, na la Bernard lilikuwa juu kabisa tangu apotee. Mama Bernard akasimama kutoa shukrani. Akasema alikuwa ameomba likizo aende kumtafuta mwanawe, lakini sasa ameifuta safari, haina haja tena. Kisha akanikabidhi kitambaa cha ubao.

"Wewe uliyemwona, mtoe."

Watu wakapiga makofi. Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Nikaenda mbele, nikalifuta jina la Bernard.