Nyayo za Jasho Ukumbini

Mwanangu, kuna Jumamosi moja ambayo miguu yangu inaikumbuka kuliko kichwa. Nilikuwa kinyozi kijana pale mtaa wa Point, huku ugenini kwa Wazulu, na kila wiki nilipanda teksi hadi mtaa wa Overport, kwenye ukumbi wa kanisa, kujifunza kendo, ule mchezo wa Wajapani wa kupigana kwa upanga wa mianzi. Saluni nzima nilikuwa nimeitangazia. Maneno sikukosa.

Siku hiyo Mwalimu Achieng', mama Mkenya mwembamba asiyepaza sauti, alinipanga na Sipho, kijana wa miraba minne. Nilisimama kama nilivyofundishwa: mgongo wima, kisigino cha kushoto juu, ncha ya upanga ikielekea kooni mwake. Sipho akapiga ukelele, akasogea hatua moja. Mimi nikarudi mbili. Tukaendelea hivyo hadi mgongo wangu ukagusa mlango, nikavua kofia ya kujikinga na kusema naacha.

"Mwalimu, huyu iko na nguvu sana. Ataniua."

"Hebu angalia sakafu, Faraja."

Tulicheza miguu mitupu. Nyayo zangu za jasho zilikuwa zimejipanga kwenye mbao, kutoka katikati ya ukumbi mpaka mlangoni.

"Sipho amekugusa mara ngapi?"

Hakuwa amenigusa hata mara moja.

"Mlango uko wazi," akasema Mwalimu. "Ukitoka, sitakuita."

Niliona aibu, mwanangu, aibu ya kweli. Kwetu Bukavu nilikimbia risasi, na hilo silijutii. Lakini nilikuwa nimezoea kukimbia hata nikasahau kujiuliza nakimbia nini.

Nikavaa kofia, nikarudi katikati. Sipho alipokuja, sikusogea. Alinipiga utosini, masikio yakavuma. Nilikuwa bado nimesimama. Mwalimu hakunisifu. Sipho ndiye aliyesema, "Sharp, bhuti," yaani safi, kaka.

Jana uliniambia huendi kwenye usaili wa kazi kule Greyville, kwa kuwa watakucheka Kizulu chako. Hawajakucheka bado. Risasi uikimbie, mtu wa kukuuliza maswali, msubiri. Simama wima, legeza mabega, mtazame usoni, jina lako ulitaje kwa sauti. Wakikukataa itauma, nami nitakuwa hapa nyumbani.

Mungu aibariki miguu yako, mwanangu, na siku nyayo zako zikirudi nyuma, ziwe zimekwenda mbele kwanza.