Mama Mdogo Anawapikia Chonga

"Mama mdogo, mbona unawapikia wadudu?"

Aliyeuliza ni mtoto wa dada yake, kasimama mlangoni mwa jiko kaziba pua. Mama mdogo alikuwa anakoroga maganda ya nanasi yaliyochacha na vipande vya shina bovu la mchikichi, na harufu ilikuwa kali hadi jirani kafunga dirisha. Alicheka tu, akamkabidhi mwiko.

Shambani alikofanya kazi walimwita Mama Ndoo. Chonga, wale mende wakubwa weusi wenye pembe, walikuwa wakiitoboa michikichi michanga hadi kwenye kiini, na mche ukitobolewa kiini, ndio basi tena. Msimamizi alikwisha kutoa tamko: kipande kile cha shamba kikizidi kuliwa, miche yake itang'olewa, na wanawake wanaokitunza watafute kazi pengine. Mama mdogo ndiye aliyewatia wenzake moyo wajaribu mitego.

Akatundika ndoo katikati ya miche, chambo ndani, na chini ya kila kifuniko kilichotobolewa matundu ya kuingilia, kifuko chenye harufu ya chonga dume. Kulipopambazuka alikwenda mbio, kanga ikimponyoka, mtoto nyuma yake. Kufunua tu, ndoo zimejaa pomoni, chonga wanakwaruza kuta telezi wasiweze kupanda. Wakarukaruka kwa furaha. Kisha mtoto akanyoosha kidole. Miche yote iliyozizunguka ndoo ilikuwa na matundu mapya, makapi mabichi yakining'inia.

Msimamizi alichuchumaa, akatia kidole kwenye tundu, akatikisa kichwa.

"Mama Ndoo, umealika watu harusini, wamemla bibi harusi."

Wenzake walicheka, lakini kicheko cha kilio. Mama mdogo alitazama ndoo, akatazama miche, halafu macho yakamng'aa. Harufu imewavuta chonga kutoka mbali, nao wakatua kwenye miche kabla ya kufika kwenye ndoo! Basi ndoo hazikukosea, pamekosewa mahali. Akamsihi msimamizi ampe nafasi moja tu. Jua halijatua, ndoo zote zilikuwa zimehamishiwa ng'ambo ya mtaro, kwenye visiki vilivyooza ambako chonga walizaliana.

Asubuhi wanawake wote waliandamana naye. Ndoo zilikuwa nzito hadi vishikio vimepinda, ila hakuna aliyezijali. Waliinama kwenye miche, wakipekua chipukizi moja moja, pumzi juu juu. Hapakuwa na tundu jipya. Wala kesho yake. Habari za kung'oa zikafa kimyakimya, na msimamizi mwenyewe akaja na ndoo nyingine begani.

Miaka imepita. Mtoto yuko sekondari, kamzidi mama mdogo kwa kimo, na miche ile sasa inazaa vichala ambavyo mtu mmoja habebi. Juzi, akimsaidia kubeba chambo kuvuka mtaro, akamkumbusha kwamba lile swali la jikoni hakulijibu.

Mama mdogo akatua ndoo, akafuta jasho.

"Mgeni mlafi, mwanangu, mpikie nje. Ukichelewa atajipakulia mwenyewe jikoni."