Siku mama alipopeleka sahani ya baba kanisani

Wakuu, poleni na mihangaiko ya wiki. Ninayoandika hapa sikusimuliwa. Nilikuwa nimekaa ubavuni mwa mama, nikaona mwenyewe.

Ilikuwa Bunia, wakati wa vita vya Ituri. Tulikimbia kijiji chetu kule Djugu, na njiani tukapotezana na baba. Mama mdogo akatupokea kwake, mtaa wa Ngezi.

Kila chakula kikiiva, mama alimpakulia baba kwanza. Anaifunika sahani, anakaa akitazama njia. Ikipoa kabisa ndiyo napewa mimi. Nilikuwa naila huku nalia, maana kuimaliza ilikuwa kama kukubali kwamba haji.

Kulala, mama hakulala. Akifumba macho kidogo tu anashtuka: "Njo papa yako ule?" Yaani, ndiye baba yako yule?

Basi ikafika Jumapili ya mavuno. Wanaojua makanisa ya kwetu wanaelewa: unaleta ulichovuna shambani. Maharage, mahindi, kuku kafungwa miguu. Sasa sisi wakimbizi tungevuna wapi?

Mama akaingia kwenye mstari na sahani ya baba. Bugali na sombe, yaani ugali na kisamvu, bado inatoa moshi.

Wakuu, niliona aibu! Mavuno yaliyopikwa nani kayaona wapi? Watu wakatazamana. Hata kuku mmoja wa sadaka akaanza kuinyoshea shingo ile sahani.

Mama akaiweka mbele, akapiga magoti.

"Baba Mungu, miye sijue fasi eko. Weye unajua. Umupatie." Yaani hajui baba yuko wapi, Mungu ndiye amfikishie chakula chake.

Akarudi kwenye benchi, akaniegemea, akalala. Usingizi wa kukoroma, katikati ya mahubiri!

Shemasi akaja kumwamsha. Mchungaji akamzuia: "Muache mama alale. Ile pumuziko niko nahubiri, njo hii."

Kwaya ikaimba kwa sauti ya chini. Bega langu liliuma sana ila sikusogea.

Baba hakurudi. Mama aliendelea kupakua sahani ile, lakini akawa anampa mkimbizi yeyote anayepita, kisha analala.

Nilichojifunza ni kwamba mama hakupata jibu. Alipata wa kumkabidhi baba.

Mimi nasali, naimba kwaya, na Yesu nampenda. Ila pumziko lile bado nalitamani. Juzi nimepika sombe kwangu, nikajikuta nimefunika sahani moja, nimekaa natazama njia.

Mliofika alipofika mama, mlifikaje? Niambieni hapa chini, nitasoma kila neno.