Taa Nyekundu Kando ya Oveni

Mnisamehe kwanza. Herufi zangu zinapanda na kushuka kama njia ya kwenda Molo, na maneno mengine nimeyaandika jinsi ninavyoyasikia. Shule niliishia darasa la sita, na hata barua fupi hunichukua jioni nzima. Sitataja jina la mtu, kwa sababu ninayemwandika bado yuko kazini, na ninaogopa asije akafukuzwa kwa ajili yangu.

Ni baba yangu. Ni mpishi katika nyumba moja ya Wazungu hapa Nakuru, upande wa juu wa mji. Sisi tunaishi katika chumba kilicho nyuma ya nyumba hiyo. Kazi ikiondoka, chumba kinaondoka nayo, na siku hizi za Hali ya Hatari mtu asiye na kazi haachwi akae mjini. Tutarudi kwetu magharibi, na wadogo zangu wataacha shule.

Mimi nafanya kazi kwa Mhindi mmoja anayetengeneza redio, pasi na majiko ya stima.

Nilijua habari ya macho ya baba kwa sababu ya chai. Siku moja nilimwona akimimina, kidole chake kimeingia ndani ya kikombe ili asikie chai imefika wapi. Ilikuwa ya moto, lakini hakukitoa kidole. Alipogundua kwamba namtazama alisema, "Ni ukungu tu. Usimwambie mtu. Hata mama yako."

Tangu siku hiyo sikuwa na raha. Kisha memsabu, yaani yule mama mwenye nyumba, akakuta jiko linawaka bila kitu juu yake. Mara ya pili sufuria iliungua hadi mpini ukayeyuka. Alidhani baba amelewa, na baba akakubali kudhaniwa hivyo. Memsabu akasema jiko litawekwa taa ya kuonyesha kwamba stima imo, na kama baba ataliacha likiwaka tena, basi afunge mizigo yake. Akapiga simu dukani kwetu. Alitaka taa ya kijani, ifanane na mapazia ya jikoni.

Taa zenyewe ni za neoni, kichupa kidogo kama harage, na mkiani kuna kipande cha kupunguza nguvu ya stima. Mwanga wake ni wa rangi ya kaa la moto. Rangi nyingine hutoka kwenye kifuniko cha kioo unachokiweka mbele yake.

"Memsabu nataka kijani, wewe peleka kijani," akaniambia tajiri wangu, yule Mhindi.

Fundi mkubwa wa pale, mtu wa mzaha, alisubiri tajiri atoke. "Beba na kifuniko chekundu, kijana. Huo mwanga ukipita kwenye kijani unakufa. Mchana hata mwewe haoni." Halafu akawageukia wengine. "Mwone! Anatetemeka na bado yuko dukani. Huyu akishika testa husali kwanza."

Walicheka. Ni kweli naiogopa testa. Ni bisibisi yenye kijitaa ndani, na ili kiwake lazima uweke kidole kwenye kichwa chake, stima kidogo ipite mwilini mwako. Wenzangu wanasema huisikii. Mimi huisikia hata kama haipo.

Nilipofika baba alikuwa akimenya viazi, akivigeuza kwa vidole bila kuviangalia. Memsabu alisimama mlangoni.

"Hii toto yako?"

"Ndiyo, memsabu."

Niliondoa fyuzi, nikapima kwa testa. Haikuwaka. Nikapima tena mahali penye stima nione kama testa yenyewe ni nzima, kisha nikarudi. Mikono yangu ilikuwa na jasho, na fundi mkubwa alinifundisha kwamba jasho na stima ni marafiki. Nikatoboa tundu kwa keekee mahali memsabu alipoonyesha, juu ya jiko, mbele ya dirisha. Nikafunga taa na kifuniko cha kijani, nikarudisha fyuzi, nikawasha.

"Hapana waka," akasema.

"Inawaka, memsabu." Sauti yangu ilikuwa ndogo sana, nikalazimika kusema tena.

Alikinga jua kwa kiganja. "Ah! Kidogo sana. Toa hii."

Nikaweka nyekundu. Ilikuwa afadhali, lakini jua la dirishani bado liliimeza. Baba aliinua uso, akakunja macho, akarudi kwenye viazi vyake, na mimi nikajua kwamba hakuona kitu. Sikuwahi kumshauri Mzungu jambo lolote.

"Chini," nikasema, nikionyesha kivuli kando ya mlango wa oveni. "Hapa."

Memsabu alicheka. "Nani taangalia chini? Kuku?"

Ndipo baba akajibu, bado anamenya. "Mimi, memsabu. Kila saa nainama kwa oveni. Hapo juu mvuke wa sufuria utaifunika."

Memsabu alifikiri, kisha akakubali. Nikaziba tundu la kwanza kwa boliti, nikaanza upya. Nilipomaliza alikuja mwenyewe kwenye swichi.

"Mpishi, iko waka?"

"Iko waka, memsabu."

Akazima. "Sasa?"

"Imelala."

Lakini swichi ile ina mlio, na nadhani memsabu aliwaza kwamba baba anafuata mlio, kwa maana alianza kuichezea haraka, tak tak tak tak, hata mimi nikapoteza hesabu. "Sasa?"

Jikoni hapakuwa na sauti ila ya bomba linalovuja. Baba aliweka kisu chini, akainama taratibu kama anayetaka kufungua oveni, uso wake ukakaribia kile kivuli. Mimi niliitazama taa na sikuthubutu hata kukohoa.

"Imelala, memsabu."

Ilikuwa imelala kweli. Memsabu akaondoka.

Tulipokuwa chumbani baba aliniambia, "Taa yenyewe siioni, mwanangu. Naona wekundu tu, kama kaa lililobaki kwenye majivu. Lakini ukungu unaongezeka."

Kwa hiyo woga wangu haujaisha. Vichupa vile huingia weusi vikizeeka, na kila Jumapili naingia jikoni kuangalia kama kioo bado ni safi. Kioo naweza kukibadilisha. Macho siwezi.

Ninyi mnaosoma, kama kuna mtu ambaye mzazi wake aliingiwa na ukungu wa namna hii akatibiwa, tafadhali niandikieni kupitia gazeti hili. Niambieni ni hospitali gani, na kama mgonjwa hulazwa siku nyingi, maana memsabu atauliza alikuwa wapi. Andikeni kwa herufi kubwa na wino mweusi. Baba anajua kusoma, na amesema barua ikija atajaribu kuisoma mwenyewe.