Kila Anayepiga Aonekane Uso

Mjomba wangu aliuawa Kikoneni asubuhi kweupe, kwa mipini ya majembe, na watu aliowasalimia maisha yake yote. Walisema ni mchawi. Mchawi! Mzee aliyeshindwa hata kufukuza nyani shambani kwake. Walimvunja taya, wakamvunja mikono aliyojikingia, na alipoanguka wakaendelea. Kanzu ilimtoka vipande vipande. Alilala uchi juani mpaka adhuhuri, na hakuna hata mwanamke mmoja aliyevua leso kumsitiri. Kijiji kizima kiliona. Polisi walipouliza, ebo, kumbe kijiji kizima kilikuwa kimesafiri!

Vijana wawili walishtakiwa katika mahakama ya Kwale. Kiongozi wa mashtaka alituambia wazi: bila shahidi aliyeona kwa macho yake, kesi itatupwa. Nikapita mlango kwa mlango. "Pole, mwalimu, Mungu atalipa," ndiyo niliyoambiwa kila nyumba. Wallahi nilitamani kupiga mtu.

Badala yake nikaandika mchezo wa mahakamani, tukauonyesha palepale Kikoneni, katika uwanja wa shule. Mwalimu mwenzangu, mtu wa bara, alitaka shahidi apewe hotuba ndefu juu ya wajibu wa raia. "Madam, bila speech watu wataboeka." Nikamwambia hotuba yako tia mfukoni, hapa wamezisikia kwa chifu mpaka wamezikinai. Wajibu niliuandika ndani ya mabano, kwenye maelekezo ya waigizaji: (Umati unapiga. Usiharakishe. Kila anayepiga aonekane uso.) Na mahakamani: (Hakimu anauliza nani aliona. Kimya. Shahidi anainuka kati ya watazamaji, anakwenda mbele peke yake.)

Siku yenyewe walipiga kwa mabua ya mahindi, polepole, nyuso zikitutazama. Watu wakaanza kuinamisha vichwa. Bua moja lilimchana mwigizaji wa mzee kwenye paji la uso, damu ya kweli ikamwagika. Hapo nilikuwa nimeandika kwamba jirani amfunike leso mpaka kifuani, maana bado anapumua. Lakini binti aliyeigiza jirani, mzaliwa wa Kibuyuni, pwani hii hii yetu, alivyoiona damu ile mikono yake ikafuata mazoea: akamfunika mpaka usoni. Toba! Kwetu uso ukishafunikwa, mtu amekwenda. "Inna lillahi," wakasema wazee, na uwanja mzima ukasimama. Wanawake wakaangua kilio. Mjomba wangu mwenyewe hakuliliwa hivyo.

Mwalimu wa bara, ambaye ndiye aliyekuwa hakimu, alibabaika, kisha akashika palepale mchezo ulipofikia.

"Nani aliona?"

Shahidi wetu alikuwa nyuma kabisa. Kabla hajanyanyua mguu, mwanamke mwingine alikwishatoka: jirani wa mjomba, mama mzazi wa mmoja wa wale washtakiwa wawili. Mtu alimkamata buibui. Alilivuta kwa nguvu likachanika, akaja mpaka kwenye meza ya hakimu.

"Mimi niliona," akasema. "Jembe ni langu. Mwanangu alilichukua mlangoni kwangu, nikimtazama."

Jiwe likarushwa kutoka nyuma, likampiga begani. Alipepesuka, akajishikiza mezani, akanigeukia mimi.

"Na kule Kwale kwenyewe, mwalimu," akauliza, "natakiwa siku gani?"