Inchi Niliyoipeleka Kariakoo

Bi Esha, Bi Fidea na Mama Salma, mayai yenu ndiyo yaliyonipeleka Dar es Salaam, kwa hiyo safari hii naiandika kwenu kwanza, wengine wasome baada yenu. Mnayakumbuka, mayai hamsini na sita, kila moja nikaliandika jina la mwenyewe kwa kalamu ya risasi. Mashine yangu ya kutotoleshea vifaranga ikazima kabla sijayaingiza. Nikayalaza kwenye pumba chini ya kitanda. Yai la kutotolesha lina subira ya siku chache tu. Likipita wiki na ushee, hilo la chapati. Nikawaambia, "Alhamisi asubuhi nitakuwa nimerudi, yataingia." Neno hilo ndilo nililosafiri nalo.

Ndani ya mashine mna kikompyuta, ukubwa wake kama biskuti, kina safu mbili za miguu mithili ya tandu. Ndicho kinachosikiliza joto, kikawasha balbu na kuzizima. Mjukuu wangu Rehema, binti wa marehemu mwanangu Hamisi, alikuwa amekifunga kwa nyaya tupu, na nyaya zikawa zinalegea kila mara. Miezi kadhaa nyuma alinipigia simu. Anachora bodi, itatengenezwa Uchina, na kikompyuta kitachomekwa juu yake bila waya kuning'inia. "Bibi, nipimie kutoka safu moja ya miguu hadi ya pili, katikati kwa katikati." Nikapima kwa tepu yangu ya kushonea, nikamwambia: inchi moja. Bodi zikafika Kariakoo wiki ileile mashine ilipozima. "Kichomoe uje nacho mwenyewe," akasema. "Ukikituma kwenye basi, watakikalia."

Jumatatu asubuhi, stendi ya Lindi. Kikompyuta nilikifunga kwenye kipande cha kanga, nikakitia kifuani. Jirani yangu wa kiti, Bi Tausi, aliniona nakishika kila basi liliporuka tuta.

"Dawa hiyo, dada?"

"Hapana, ni kitu kinachoangua mayai bila kuku."

Akasogea dirishani. Mpaka Somanga, tulipoteremka kula samaki, ndipo aliponiuliza tena, safari hii akicheka. Baada ya daraja la Rufiji tulikuwa tumekwisha kujuana hadi majina ya wajukuu.

Alasiri, Mbagala. Rehema alikuwa ananingoja. Tukapanda basi la mwendokasi hadi Kariakoo, tukapenya katikati ya watu na marobota, wabeba mizigo wakipiga kelele, "Pisha mzigo! Mama, pisha!" Meza yake ya kazi ipo ghorofani, kwenye ujia wa maduka ya vipuri. Anaitumia pamoja na Fundi Mapunda, mtu mzima, mzaliwa wa Songea. Kwa sisi Wamwera huyo ni mtani, na hakuchelewa kunichokoza.

"Shikamoo, mtani. Korosho mmetubakizia huko?"

"Marahaba. Tumebakiza maganda, fungu lenu lilelile."

Jumanne, saa tatu asubuhi, tukaanza kazi. Rehema alinionyesha bodi: ya kijani, nyembamba, ina safu mbili za matundu madogo. "Hii ndiyo itakayokibeba," akasema.

"Kumbe ni mbeleko."

Mapunda akacheka mpaka akaweka chini pasi yake ya kuyeyushia risasi. Toka hapo bodi ikaitwa mbeleko.

Rehema akakiweka kikompyuta juu yake ajaribu. Safu ya kushoto ikaingia vizuri. Ya kulia ikagonga ubao mtupu, upande wa ndani wa matundu yake, pungufu kwa nafasi ya tundu moja. Akakigeuza. Vilevile. Akachukua bodi ya pili, na ya tatu. Zote zimechorwa kwa kipimo kimoja.

"Nani alipima?" Mapunda akauliza.

Rehema hakuinua uso. "Mimi. Nilikosea."

Mnanijua, mimi sisahau nani alisema nini. Nikatoa tepu yangu kwenye mkoba, nikapima miguu upya, polepole. Inchi kasoro kidogo. Hapo nikajiona kama nilivyokuwa siku ile ya simu, tepu mkononi. Miaka yote niliyowashonea ninyi magauni, mkono wangu haujazoea kutaja kipimo bila kuongeza akiba ya mshono. Niliona kasoro ile, nikaijaza, kama ninavyomjazia mteja ili nguo isimbane. Sikudanganya, nilikirimu tu.

"Rehema, niliongeza."

"Najua, Bibi."

"Umejua lini?"

"Sasa hivi, nilipoona imepungua tundu moja kamili. Lakini bodi niliichora mimi. Ningekuita mapema ulete kikompyuta, nikipime mwenyewe kwa chuma cha kupimia. Kitu hiki hakishonwi."

Mapunda akatutazama, kisha akasema taratibu, "Mmwera hapimi, anakaribisha wageni." Nikacheka, ila machozi yalikuwa karibu.

Nikauliza kama miguu haiwezi kupindwa ifuate matundu. Rehema akasema itakatika, au itashika leo na kuachia kesho, kama nyaya zile za zamani. Na bodi mpya kutoka Uchina? Wiki tatu. Nikayaona mayai yenu kwenye pumba, majina juu.

Nikajiambia: gauni likizidi mwili, fundi anapunguza gauni. Hili la bodi halipunguziki. Basi nikasema kwa sauti, "Tutafute mwili unaolijaa."

Rehema akanigeukia. "Bibi! Vipo vikompyuta vipana zaidi. Kazi ileile, tofauti upana tu. Tatizo siku hizi havionekani."

Adhuhuri, mitaa ya nyuma ya Msimbazi. Tulikwenda duka hadi duka, mimi nimeshika bodi, kwa kuwa tepu nilikuwa siiamini tena. Kwa Sudi, kijana mwenye kofia, tukaambiwa, "Vyote sawa, Bibi, chukua tu." Nikakiweka juu ya matundu: pungufu. Kwa Chacha, pungufu. Maduka mawili mengine, hawana kabisa. Miguu ikaniuma, nikakaa juu ya katoni mbele ya duka la dada mmoja, Neema.

"Shikamoo Bibi. Unatafuta nini na jua hili?"

Nikampa bodi. Akaipima kwa jicho, akaingia ndani, akarudi na kiboksi chenye vumbi. "Hivi vipana watu hawavitaki. Vinaziba wote ule ubao wa matundu ambao mafundi wanajaribia nyaya, huna pa kuchomeka waya. Vimekaa tu."

Nikakishusha kimoja juu ya matundu. Safu zote mbili zikaingia pamoja, bila kusukumwa. Rehema akanishika bega.

Alasiri ile mezani, Mapunda akawasha pasi, akaokota soketi, vile vipande virefu vyenye matundu ambamo miguu huingia. Alitaka kuzichoma kwa risasi moja moja kwenye bodi. Rehema akamzuia. "Kwa macho tu, moja italala, nyingine itasimama, halafu kikompyuta kitagoma. Chomeka kwanza, uchome baadaye." Akazivisha soketi zote mbili kwenye miguu, akaviteremsha vyote pamoja kwenye bodi, akavigeuza. Kisha akachoma mguu mmoja tu kila ncha. Akatazama pembeni, kimekaa wima. Ndipo akaanza kuichoma miguu iliyobaki.

"Kumbe nanyi mnapiga bandi kabla ya kushona!" nikasema.

"Ulinifundisha wewe," akajibu, "kwenye sare yangu ya shule."

Jumatano, siku niliyotakiwa kuwa njiani, tuliijaribu bodi kutwa nzima kwa balbu na kipimajoto, kwa kuwa sikutaka kubeba matumaini matupu. Alhamisi Rehema alinisindikiza Mbagala. Tulipoagana alinipa chuma cha kupimia chenye taya mbili. "Kinasema kilichopo tu, Bibi."

Ijumaa asubuhi, nyumbani, mayai yaliingia, yamechelewa siku moja. Siku ya ishirini na moja mlikuja wenyewe, mkasikia milio kabla sijafungua. Thelathini na tisa walitoka. Ya Mama Salma ndiyo yaliyoharibika zaidi, kwa kuwa ndiyo yaliyotangulia kutagwa na ndiyo yaliyoumia kwa kungoja. Mama Salma, uliniuliza sababu nikakujibu, "Umeme." Umeme haukuwa na kosa. Ilikuwa inchi yangu. Mtetea wangu wa madoa akitaga, mayai yake ni yako.

Nguo zenu nitaendelea kuziongezea akiba, maana mwili hunenepa. Lakini jana Rehema alipiga simu tena, anataka upana wa kisanduku cha mashine anayomtengenezea Bi Fidea. Nimekipima mara tatu kwa kile chuma, nikamtajia na kasoro yake.